Moto wa Magogo Mawili

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba mwaka 1958, saa kumi na moja jioni, Oiva Lehtovaara alichukua shoka lake akaenda kutafuta kuni. Hakuwa na nia nyingine. Ni vizuri lijulikane hilo mapema, kwa sababu baadaye kila mtu alimuuliza, na kila mara alijibu hivyo hivyo: nilikwenda kutafuta kuni.

Familia yake aliiacha ufukweni mwa ziwa Hietavesi, upande wa mashariki, ikishusha vitu mashuani: turubai, mablanketi ya sufu, birika la kahawa, sufuria, na ndoo nne za kuchumia puolukka, yale matunda madogo mekundu yanayonoga baada ya jalidi ya kwanza. Kila mwaka watu wa nyumba ya Tarvala huvuka ziwa, hulala usiku mmoja porini, na hurudi na matunda ya kutosha majira yote ya baridi. Haikuwa safari ya kuogopesha.

Lakini Saimi, binti yake Oiva mwenye miaka sita, aliruka kutoka mashuani kabla hajaambiwa. Jiwe alilokanyaga lilikuwa na utelezi. Mtoto alizama hadi kifuani.

Mama yake, Hilkka, alimvuta nje kwa ukosi wa koti. Midomo ya mtoto ilikuwa tayari imeanza kugeuka rangi. Upepo nao ulikuwa umeshaamka, na ziwa lilikuwa linatoa povu jeupe. Mashua ile ndogo isingeweza kuwarudisha watu wanne ng'ambo usiku ule.

Basi kazi ilikuwa moja tu. Mtoto apate joto hadi asubuhi.

"Mvue vyote," alisema Loviisa Tarvainen, mama yake Hilkka, mwanamke wa miaka sabini na moja ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha jambo. "Vyote, hata shati la ndani. Akitetemeka ni heri. Akiacha kutetemeka, uniambie."

Hilkka alimvua, akamkausha, akamvika nguo kavu na soksi za sufu zenye mstari mwekundu, ambazo Loviisa mwenyewe alizifuma. Chini ya turubai walitandika matawi ya misonobari mibichi, tabaka juu ya tabaka, hadi kina cha mikono miwili, maana ardhi ndiyo inayomnyonya mtu joto anapolala. Sasa walihitaji moto. Na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kila ukuni waliouokota ulitoka maji kama kitambaa cha kudekia.

Giza lilikuwa linashuka Oiva aliporudi, akiburuta gogo la kijivu lisilo na gome, mgongo umempinda.

"Mama mkwe, leo utanipenda!"

"Bado naona gogo moja."

"La pili linakuja. Msonobari uliokufa ukiwa umesimama. Mkavu kama biskuti."

"Na wewe uliutambuaje? Kwenu Kotka watu hupakia meli. Kuni huziona kwenye picha."

"Jeshini walinifundisha, mama. Kuna vitu viwili walinifundisha. Cha pili siwezi kukitaja mbele yako."

Loviisa hakucheka, lakini mdomo wake ulisogea. Oiva alikuwa mkwe aliyehamia ukweni, na mkwe wa namna hiyo katika nchi ile hutaniwa hadi siku ya kuzikwa. Alikwishazoea.

Aliyapanga magogo yale kwa namna watu wa misitu ile wanavyofanya wakilala nje wakati wa baridi. Gogo moja chini, refu kuliko mtu. La pili juu yake. Katikati, ufa mwembamba wenye vijiti vya kuwashia. Vigingi viwili vibichi vikayashika yasibingirike. Moto wa namna hiyo hauli kwa pupa. Hutambaa ndani ya ufa polepole, usiku kucha, na kulirushia joto turubai kama ukuta wa jiko.

Ulishika mara moja.

Hilkka alihisi joto likimpiga usoni akataka kulia. Walichemsha mawe, wakayafunga kwa vitambaa, wakayaweka miguuni pa mtoto. Walimlisha uji wa shayiri wenye siagi nyingi. Saimi alitetemeka, akatetemeka tena, kisha mashavu yake yakapata rangi, akalala.

Hapo ndipo Hilkka aliponusa kitu.

Msonobari ukiungua hunuka utomvu. Huu haukunuka utomvu. Ulinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Na chini ya harufu ile kulikuwa na nyingine... udongo mbichi, uliofukuliwa.

Alimtazama mama yake. Loviisa alikuwa ameinama, macho kwenye gogo la juu. Kuvu kavu lililokuwa limelifunika lilikuwa linaungua na kudondoka. Chini yake, kwenye mti mtupu, kulikuwa na msalaba uliochongwa kwa kisu.

"Oiva," alisema Loviisa. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mti huu ulisimama wapi?"

"Hapo juu. Kando ya njia ya zamani, penye jiwe lililopasuka."

"Ulikuwa na matawi?"

Oiva alifikiri. "Upande mmoja tu. Upande wa pili yalikuwa yamekatwa. Zamani sana."

Loviisa alimfunika Saimi vizuri zaidi. Kisha akasema, kama anayewaeleza watoto:

"Kabla barabara haijajengwa, wafu wa Tarvala walivushwa ziwa kwa mashua, wakapelekwa kanisani kwa njia hii. Wabebaji walipumzika hapa. Walichagua msonobari, wakaukata matawi ya upande mmoja, wakachonga msalaba, herufi za jina la marehemu, na mwaka wake. Mfu akiinuka kaburini akataka kurudi kwao, hufika kwenye mti. Husoma jina lake. Hukumbuka kwamba amekufa. Hugeuka."

Moto ulitoa mlio mdogo.

"Mimi mara ya mwisho kupita njia hii nilikuwa bibi arusi, na theluji ilikuwa imefunika kila kitu. Nilijua mti upo. Sikujua ni upi."

"Nitalivuta gogo," Oiva alisema, akiinuka.

"Halafu mwanao utamtia joto kwa kitu gani?" Hilkka aliuliza.

Oiva alimtazama Saimi. Alitazama giza, miti inayodondosha maji, jalidi iliyokwisha kuufanya mweupe ukingo wa mashua. Hakukuwa na ukuni mwingine mkavu ufuko mzima.

Akakaa.

Gogo likaendelea kuungua.

Haukupita muda mrefu, labda nusu saa, walipozisikia hatua.

Zilitoka upande wa kanisani. Hazikuwa za haraka. Kavu... kavu... kavu... juu ya majani yaliyolowa maji siku tatu.

Mzee mmoja aliingia kwenye mwanga wa moto. Alivaa koti refu la kijivu na kofia ya manyoya, na viatu vilivyosukwa kwa magome ya mti, vya aina ambayo Hilkka aliwahi kuiona ukutani tu, imetundikwa kama pambo.

"Jioni njema, wenye moto."

"Jioni njema," Hilkka alijibu. Kwenye ufuko ule hakuna msafiri anayenyimwa moto. Alijibu kwa mazoea, kabla hajafikiri.

"Naweza kukaa?"

"Kaa, mzee," Oiva alisema. Mkono wake ulikuwa karibu na shoka. "Unatoka wapi saa hizi?"

"Kanisani."

"Kanisani ni kilometa kumi na mbili."

"Ndiyo. Ukizoea si mbali."

"Na unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Tarvala."

Oiva alijaribu kucheka. "Tarvala ni kwetu, mzee."

Mgeni alimtazama kwa upole, kwa muda mrefu. "Wewe sikufahamu," alisema.

Hilkka alijiambia kwamba ni mzee aliyepotewa na akili. Wapo. Hutoka nyumbani kwao jioni wakitafuta ng'ombe waliouzwa miaka ishirini iliyopita. Alimkagua kama anavyokagua samaki sokoni. Kwenye kofia yake kulikuwa na theluji, na theluji ilikuwa bado haijaanguka majira yale. Alikaa hatua mbili kutoka kwenye moto, na theluji ile haikuyeyuka.

Vidole vya Loviisa vilimbana kifundo cha mkono.

"Mtazame mdomo," alinong'ona.

Oiva alipopumua, mvuke ulitoka. Loviisa alipopumua, mvuke. Hata kutoka kwenye mablanketi ya Saimi mvuke mwembamba ulipanda na kushuka.

Mzee alikuwa anazungumza. Mbele ya mdomo wake hapakuwa na kitu.

"Huwa nafika hapa," alikuwa anasema, akiutazama moto, "nakumbuka jambo. Nikishalikumbuka, narudi nilikotoka. Leo nimefika... sikukumbuka chochote. Nikaona mwanga. Nikasema, basi leo nitafika nyumbani." Akainua macho. "Nimekuja kumchukua mtoto."

Hilkka alisimama. "Mtoto gani?"

"Huyo aliyelala hapo. Ana baridi. Nataka nimfikishe nyumbani apate joto."

"Huyo ni wangu," alisema Oiva.

"Hapana," mzee alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemsahihisha mwenzake siku ya juma.

Loviisa alimimina kahawa, akaenda akampa mgeni kwa mikono miwili. Alikaa kati yake na matandiko. Mvuke wa kahawa ulikatika mara tu kikombe kilipogusa kiganja cha mzee.

"Kunywa, baba," Loviisa alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha, bila kugeuza kichwa: "Hilkka. Herufi. Kabla hazijaungua. Zisome zote, na mwaka. Ukikosea hata moja atasoma jina la mtu mwingine, na atatupita. Oiva, ule msonobari mbichi nyuma ya turubai. Matawi ya upande wa kanisani. Yote."

Safari hii Oiva hakufanya mzaha.

Hilkka alipiga magoti mbele ya gogo. Msalaba ulikuwa tayari mweusi. Moto ulikuwa umetoka kwenye ufa na ulikuwa unaramba gogo kuelekea juu. Masizi yalikuwa yamejaza michongo, haikusomeka kwa macho. Akaweka kidole.

Ngozi iliungua. Hakukiondoa.

Mstari wima, mstari wa juu. T. Nyingine, T. Nyingine tena, T. Kisha tarakimu. Moja. Nane. Sita. Alinusa nyama yake mwenyewe ikiungua. Ya mwisho ilikuwa na maduara mawili.

T. T. T. 1868.

Alizitaja kwa sauti ili mama yake asikie, akakimbia nyuma ya turubai. Oiva alikuwa anakata, matawi yakimwangukia kichwani. Hilkka alitoa kisu kiunoni akabandua gome, akaanza kuchonga. Msalaba kwanza. Utomvu ulitoka na kumng'ang'ania vidole. Herufi ya kwanza. Ya pili. Oiva alimaliza kukata, akamshikia taa ya mafuta.

"Haraka, Hilkka."

"Usinisemeshe."

Sauti ya Loviisa, iliyokuwa ikizungumza kule mbele bila kukoma habari za mavuno na bei ya siagi, ilinyamaza.

Hilkka aligeuka.

Mzee alikuwa amesimama juu ya matandiko. Ameinama. Mkono wake mrefu ulikuwa umeshika ukingo wa blanketi na anaufunua, taratibu, kama baba anayeangalia kama watoto wamelala.

"Taavetti!" Loviisa aliita.

Mkono ukasimama.

"Tarakimu ya mwisho!" Hilkka alijisikia akisema. Duara moja. Duara la pili. Kisu kilimponyoka, akakidaka. "Njoo, mzee! Njoo usome!"

Alikuja. Alipita karibu naye kiasi kwamba nusu ya uso wake ilikufa ganzi, ganzi ambayo haikumtoka hadi Jumatatu. Aliinama kwenye mti. Alipitisha kidole juu ya herufi, moja moja, kama mtu aliyejifunza kusoma ukubwani.

"Taavetti," alisema. "Mwana wa Tuomas. Wa Tarvainen."

Kidole kilibaki kwenye tarakimu ya mwisho.

"Kumbe."

Akavua kofia. Alisimama hivyo kidogo, kama wanaume wanavyosimama kaburini. Halafu aligeuza uso kwenye turubai, na kwa mara ya kwanza alionekana mwenye shaka.

"Mimi lazima nirudi," alisema. "Basi ninyi mtieni joto. Mtoto asilale na baridi."

"Tutamtia joto," Hilkka alisema.

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Hatua zake ziliondoka kuelekea kanisani. Kavu... kavu... kavu... kisha maji yanayodondoka mitini tu.

Oiva alikaa na shoka magotini hadi kulipokucha. Hilkka alijilaza karibu na Saimi, akaingiza mikono chini ya mablanketi kumpapasa. Miguu ilikuwa ya moto, imevaa soksi. Alishukuru. Baadaye, katika usingizi wa nusunusu, alipapasa tena akakuta mguu mtupu, mdogo, baridi kama jiwe la mtoni. Akaufumbata kwa viganja vyake, kile kilichoungua na kile kizima, akaupulizia pumzi, akaendelea kuufumbata hadi usingizi ukamchukua.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, jeupe kwa ukungu. Saimi aliamka akiwa mzima, mwenye njaa na mwenye maneno mengi. Mguu mmoja ulikuwa hauna soksi.

"Soksi yako iko wapi?" bibi yake alimuuliza.

"Nimempa."

"Umempa nani?"

"Yule aliyelala na mimi. Miguu yake ilikuwa na baridi, bibi. Baridi kabisa. Nikampa moja, nikabaki na moja."

Hilkka aliitazama mikono yake.

Oiva ndiye aliyekwenda kwenye magogo. La juu lilikuwa limeisha. La chini lilibaki kipande, kile cha upande wa mizizi. Alikigeuza kwa mguu. Chini, karibu na ardhi ambako mti ulisimama, kwenye urefu wa kiuno cha mtoto, kulikuwa na msalaba mwingine. Mdogo. Mwaka ule ule. Na herufi moja, A. Zilizofuata zilikuwa majivu.

"Mwaka wa njaa kuu," Loviisa alisema. "Marehemu mume wangu alisema babu yake, Taavetti huyu, alitoka kwenda kuomba nafaka kanisani, akachukua na binti. Wote wawili walikutwa njiani."

"Aliitwa nani?" Hilkka aliuliza.

"Anna. Au Aliina. Au Amalia. Hakuna aliyelishika jina lake."

"Tuchonge A."

"Herufi moja si jina, mwanangu. Nitaandika kwa mchungaji aangalie vitabu." Lakini alilisema kama mtu anayejua vitabu vya mwaka ule viliandikwaje, watu wakifa kwa mafungu.

Walifunga vitu. Hakuna aliyechuma hata punje moja ya puolukka. Oiva aliisukuma mashua, akarukia ndani, akashika makasia. Katikati ya ziwa aliacha kupiga makasia, akachungulia ukingoni. Maji yalikuwa juu kuliko jana.

"Ndoo ni tupu," alisema. "Mbona mashua ni nzito?"

"Piga makasia, mkwe," alisema Loviisa.

Nyumba ya Tarvala ilikuwa imefungwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwa Hilkka. Aliufungua mlango mwenyewe, akaingia wa kwanza, wengine wakiwa bado wanapanda kutoka gatini. Ndani kulikuwa baridi, baridi ya nyumba ambayo jiko lake halijawashwa tangu jana. Alibeba nguo mbichi za Saimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ufito wa kuanikia, juu ya jiko la matofali.

Soksi ilikuwa hapo.

Sufu ya kijivu, mstari mwekundu. Imetandazwa vizuri, kama mtoto aliyefunzwa anavyoanika soksi. Ilikuwa inadondosha maji juu ya matofali. Tone... tone...

Loviisa aliingia, akaiona, akasimama mlangoni. Akakitazama kisu kiunoni mwa bintiye.

"Hata mlango unaweza kuchongwa msalaba," alisema kwa sauti ya chini. "Bila jina. Huenda ukafaa. Huenda usifae. Niambie unataka nini, Hilkka, kabla mtoto wako hajaingia."

Hilkka alisikia Saimi akicheka uani, akimwambia baba yake jambo. Alikitazama kiganja chake kilichoungua. Alikumbuka mguu ule. Alikumbuka alivyoulizwa, umeahidi, na alivyojibu.

Aliweka kuni jikoni akawasha moto. Kisha alichutama mlangoni, akamvua Saimi soksi ya pili, akarudi akaitundika kwenye ufito, kando ya mwenzake.

Nyuma ya jiko, mahali penye giza ambapo paka hulala, mtu mdogo alishusha pumzi ndefu, kama mtu ambaye miguu yake imeanza kupata joto.

Paka hakulala hapo tena.